Tupeane uzoefu: vikundi vya sanaa na utamaduni Nairobi, simu na mitandao imewabadilisha aje?

Mwigizaji_Eastlands
Habari zenu nyote. Naanzisha huu uzi juu wiki iliyopita kikundi chetu cha maigizo tulibishana mpaka saa mbili usiku, nusu wanataka tuache kulipia ukumbi tuwe tunarekodi na kuweka mtandaoni, nusu wanasema mchezo bila watu mbele yako si mchezo. Sisi ni wa kujitolea, hatutafuti faida, tunaishi kwa michango na mfadhili akipatikana. 2020 corona ilipofunga kumbi tulirusha mchezo laivu na simu moja tumeifunga kwa stuli na leso, na watu zaidi ya 400 wakaangalia, wengine wako Doha na Dammam kwa kazi za nyumba, mmoja akaandika amelia kusikia mtu akiongea kama watu wa mtaani kwao. Ukumbini hatujawahi pitisha watu 90. Lakini michango ya M-Pesa siku hiyo ilitoka kwa watu 11 na bando ikala karibu yote. Mimi sijaamua bado. Nyinyi imewaendea aje? Leta kisa chako mwenyewe tafadhali.

Binti_wa_Hando
Sisi tunacheza ngoma za Mijikenda, wengi tulizaliwa huku Nairobi wazazi wakatoka Kilifi. Mwaka jana hatukuwa na pesa ya mpiga picha, kijana wetu wa mabango akaambia akili mnemba imtengenezee picha ya wamama wa Kigiriama wakicheza. Ikatoka picha safi, rangi zinang'aa, na wamama wote wamevaa shanga za Kimaasai na mashuka mekundu. Hando, ile sketi ya marinda ya wamama wa kwetu, hakuna hata moja. Na tulikuwa tumeshatuma kwa magrupu yote. Mama anayetufundisha ndiye hutushonea hando kwa mkono wake, marinda juu ya marinda, akaangalia ile picha kwa simu yangu kwa muda kisha akaniuliza, "Hawa ni kina nani?" Nilikosa jibu. Tuliitoa usiku huo huo tukampiga yeye mwenyewe picha akiwa ameketi na kitambaa mapajani. Hiyo mashine inajua zile picha ziko nyingi mtandaoni, na zetu haziko, ama ziko bila maelezo. Kwa hivyo sai kila Jumapili baada ya mazoezi tunapiga picha vazi moja moja, tunaandika linaitwaje, linavaliwa lini, nani alishona. Ni kazi ya kuchosha lakini siwezi rudi nyuma.

Mjukuu_Nyeri
Changu ni kifupi. Kuna vijana wa African Digital Heritage pamoja na Museum of British Colonialism walijenga upya kwa komputa kambi ambazo Waingereza walifungia watu wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa 1952, na Mweru ni mojawapo, sai hapo ni shule. Nilimwonyesha shosho kwa simu alipokuja kwangu Githurai. Shosho haongeangi mambo ya hiyo miaka, ukimuuliza anaenda jikoni. Siku hiyo alinyamaza, halafu akaanza kuongea mwenyewe, si ya kambi, ya kile kijiji walihamishiwa kwa nguvu, handaki lilipita wapi, mamake alipewa masaa mangapi ya kwenda kuchota maji. Nikawasha rekoda. Nina masaa mawili na dakika kumi ya sauti yake na ndugu zangu wote wanayo.

Nyatiti_na_Rekoda
@Binti_wa_Hando hapo kwa majina umegusa kidonda. Sisi tunarekodi wazee wa muziki wanaoishi hapa Nairobi. Kuna mzee tulimrekodi na nyatiti yake, kile chombo cha nyuzi cha Waluo, wimbo alifunzwa na babake, tukaweka kwa mtandao mmoja wa video. Baada ya miezi mitatu ikaja ilani ati ule wimbo ni mali ya wengine, kumbe kuna mtu alitoa sauti kwa video yetu, akaongezea mdundo, akausajili kwa jina lake, na ule mfumo ukilinganisha sauti unaona zinafanana, unahesabu sisi ndio wezi. Hakuna mtu wa kuongea naye, ni fomu tu. Kumweleza mzee ndio ilikuwa ngumu kuliko fomu zote. Akauliza, "Sasa wimbo wa baba ni wa nani?"

Mlezi_wa_Densi
Kwetu ni watoto. Zamani tulikuwa tunaweka picha zao ovyo, wafadhili wakiomba tunatuma. Tangu tusome ile sheria ya data ya 2019 mzazi anatia sahihi kwanza, na akikataa mtoto anacheza tu kama wengine.

Mwigizaji_Eastlands
@Nyatiti_na_Rekoda pole sana. Iliishia wapi? Kuna pia sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na kazi mnaweza kusajili KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya.

Nyatiti_na_Rekoda
Asante. Tulishinda baada ya wiki saba. Kilichotuokoa ni ile faili ya kwanza kabisa kwa rekoda, haijakatwa, iko na tarehe, na unasikia mzee akikaza nyuzi na kukohoa na kuitisha chai kabla hajaanza. Faili kama hizo tulikuwa tunafuta ili tupate nafasi, sai hatufuti kitu. Na mzee mwenyewe amebadilisha venye anarekodiwa, hakuna mtu alimwambia. Kabla ya kila wimbo anataja jina lake, la babake, na kijiji walichotoka, na anaimba mstari wa kwanza bila kunyamaza hapo katikati, mtu asipate mahali pa kukata.