Tupeane uzoefu: safari ndefu ya gari na familia msimu wa joto, kwenda kwa ndugu na kulala porini

Dereva Masafa
Likizo ndefu hiyo inakuja, jua linawaka, na najua wengi humu mmeshawaahidi watoto kwamba mnakwenda kwa bibi na babu kwa gari, na njiani mtalala kwenye hema. Tupeane uzoefu, ila naomba uwe wa kushika: kipi huharibika, kwa nini, na ufanyeje.

Naanza na uzito, maana matatizo mengi yanatokea hapo. Gari unalokwenda nalo kazini ukiwa peke yako si lile lile likishabeba watu watano, hema, magodoro na zawadi za ndugu. Angalia kitabu cha gari au kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva uone mzigo unaoruhusiwa, kisha watu uwahesabu humo humo. Tuseme ni kilo 450: wazazi wawili 150, watoto watatu 100, zimebaki 200. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20. Zinaisha upesi.

Vizito viende chini kabisa ya buti, viegemee mgongo wa kiti cha nyuma. Keria ni ya vyepesi, mikeka na mifuko ya kulalia. Paa la magari mengi madogo linabeba kilo 50 hadi 100, na uzito wa keria umo ndani ya hesabu hiyo. Ukipandisha madumu juu, gari linalala kwenye kona na upepo wa pembeni unalisukuma. Na mzigo wa buti usipite urefu wa mgongo wa kiti bila wavu au kamba, maana ukifunga breki ghafla jiko la gesi linaruka hadi kwenye kisogo cha mtoto.

Mama Pacha
Hapo umegusa penyewe. Watu wanapakia hadi kioo cha nyuma hakionyeshi kitu.

Bingwa wa Njia
Nyongeza ya muhimu: jua kali punguzeni upepo wa tairi kidogo, psi nne au tano. Hewa ikipata moto inatanuka, tairi likiwa limejaa linapasuka.

Fundi Rejeta
Hapana ndugu yangu, tena hapana kubwa. Ushauri huu unapasua matairi kila msimu wa joto.

Tairi halipasuki kwa sababu hewa imetanuka. Psi huongezeka kama moja kwa kila nyuzi sita za joto, na waliotengeneza tairi wanalijua hilo. Kinachoua tairi ni kukunjika. Likiwa na upepo mdogo, ubavu unakunjika na kunyooka kila mzunguko, mamia ya mara kwa dakika, na kule kukunjika ndiko kunakozalisha moto. Nyuzi za ndani zinaachana na mpira, kisha unasikia mtetemo kwenye usukani au kwenye kiti, na ukiupuuza tabaka la juu linabanduka lote. Weka juu yake gari lililojaa, lami ya moto na mwendo wa 110, halafu upunguze upepo tena?

Njia sahihi: pima tairi likiwa la baridi, gari limeegeshwa saa tatu au zaidi, au limetembea chini ya kilomita mbili. Kibandiko cha mlangoni mara nyingi kina namba mbili, ya gari jepesi na ya gari lililojaa. Unajaza hiyo ya pili, hasa matairi ya nyuma. Ukipima tena katikati ya safari ukakuta imepanda psi nne hadi sita, ni kawaida, usitoe. Ukitoa, asubuhi tairi likipoa litakuwa chini ya kiwango.

Angalia na umri. Ubavuni kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata kashata, yale matuta ya tairi yanayogusa barabara, zikiwa nzima. Na kashata zikishuka hadi milimita 1.6 hilo si tairi la safari tena.

Bingwa wa Njia
Wazee wetu walipunguza na walifika.

Mzee wa Hema
Walipunguza wakiingia kwenye mchanga, mkuu, msichanganye. Kwenye mchanga laini unashusha hadi psi 18 au 20 ili tairi litambae lisizame, na mwendo uwe mdogo. Ukirudi kwenye lami unajaza kabla hujakanyaga mafuta. Kwa hiyo ukienda huko beba pampu ya kuchomeka kwenye betri.

Mama Pacha
Mimi naulizia kutapika. Wa miaka mitano kila baada ya kona kumi.

Nesi wa Zamu
Dada, umri huo ndio wenyewe. Kichefuchefu cha safari huwasumbua zaidi watoto wa kati ya miaka 2 na 12. Sikio la ndani linahisi mwili unakwenda, macho yanaangalia kitabu au simu ambayo haiendi popote, ubongo unapata habari mbili zinazopingana. Kwa hiyo simu na vitabu vya rangi viwekwe kando, mtoto atazame mbele, mbali, kwenye upeo. Kama kiti chake kinaruhusu, akae katikati ya kiti cha nyuma aone kioo cha mbele. Fungua dirisha kidogo. Harufu ya petroli na ya manukato ya gari huongeza tatizo, toa vile vinavyoning'inia kwenye kioo.

Dawa za kuzuia hunywewa dakika 30 hadi 60 kabla ya kuondoka. Mkisubiri aanze kutapika hazina kazi. Kipimo kinategemea uzito na umri, muulize mfamasia. Baadhi husinzisha, na kwa watoto wachache hufanya kinyume, mtoto anachachamaa safari nzima, kwa hiyo mjaribu nyumbani siku nyingine kabla.

Bingwa wa Njia
Asile kabisa. Tumbo tupu halitoi kitu.

Nesi wa Zamu
Tumbo tupu nalo linaleta kichefuchefu. Ale kidogo, kitu kikavu kisicho na mafuta, na maji kwa vijiko.

Kiporo cha Safari
Mifuko ya plastiki miwili miwili, mmoja ndani ya mwingine, na uipulize kwanza uone kama haijatoboka. Msidharau hili.

Fundi Rejeta
Mmepita juu ya breki kama hazipo. Niwaeleze inavyokuwa mlimani, maana magari huletwa gereji yakivutwa na hadithi ni ile ile.

Gari la familia, watu sita, paa limejaa, linaanza kushuka mteremko wa kilomita kumi na zaidi. Dereva ameacha gia ya juu ili aokoe mafuta, mguu umelala kwenye breki kidogo kidogo, muda wote. Dakika tatu za kwanza ni raha tupu. Halafu harufu, kama kitambaa kilichoungua, na watoto ndio wanaouliza kwanza. Baba anasema ni lori la mbele. Kona inayofuata anakanyaga, kanyagio ni gumu lakini gari halipungui: pedi zimepata moto hadi zimepoteza mshiko. Anakanyaga zaidi. Moto unapita kwenye pistoni unaingia kwenye mafuta ya breki, mafuta yanachemka, yanafanya mapovu. Hewa inabonyea, mafuta hayabonyei. Kona ya pili kanyagio linakwenda hadi sakafuni kama limekatika. Mama ameshika mpini wa mlango, bibi kule nyuma anasoma dua kwa sauti, na gari linaongeza mwendo.

Mafuta mapya ya breki, aina ya DOT 4, huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Lakini yanavuta unyevu wa hewani, na yakishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi kama 155. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama chupa imejaa. Wengi hawajawahi kuyabadilisha tangu wanunue gari.

Shangazi wa Njia Panda
Moyo umenienda mbio. Ikishafika hapo wanafanya nini?

Fundi Rejeta
Shangazi, pampu kanyagio harakaharaka, mara nyingine presha kidogo hurudi. Rudisha gia moja moja, si kutoka ya tano hadi ya kwanza kwa mkupuo. Hendibreki ya mkono ivutwe polepole huku kitufe kimebonyezwa, uweze kuiachia matairi ya nyuma yakianza kuteleza. Ya umeme, magari mengi hukubali ukishikilia swichi bila kuiachia. Taa za hatari na honi. Kama kuna njia ya dharura yenye kokoto au kipande kinachopanda, ingia. Usizime injini: usukani utakuwa mzito, na ukitoa ufunguo unaweza kujifunga. Usiweke nyutro.

Mkishasimama weka mawe kwenye matairi, msimwage maji kwenye diski, zinapinda au kupasuka. Subirini zipoe zenyewe, nusu saa au zaidi, na mafuta yaliyochemka yabadilishwe kabla ya mteremko mwingine.

Kijana Usukani
Na otomatiki?

Fundi Rejeta
Ina L, 2 au M, za kuishikilia kwenye gia ya chini. Tumia. Kanuni ya zamani bado inafanya kazi: shuka na gia ambayo ungepandia mlima huo huo. Uiweke kabla ya mteremko kuanza. Injini ikilia kwa mizunguko 3,000 au 4,000 kwa dakika haifi, ndiyo inayokushika. Breki kanyaga kwa nguvu sekunde chache, punguza mwendo, achia kabisa ipumue.

Bingwa wa Njia
Tuondoke usiku wa manane basi. Barabara tupu, baridi, watoto wamelala.

Dereva Masafa
Na dereva naye amelala, kaka. Mwili unataka usingizi zaidi kati ya saa sita usiku na alfajiri, kisha tena saa nane hadi saa kumi mchana. Ukitaka baridi, lala mapema, ondoka saa kumi na moja alfajiri. Simama kila saa mbili, robo saa, watu wote washuke. Macho yakianza kuwa mazito, redio na upepo wa dirishani havikusaidii. Egesha mahali salama, kunywa kahawa, lala dakika 15 hadi 20. Kahawa inashika kama nusu saa baadaye, ukiwa umeshaamka.

Bingwa wa Njia
Hapo sawa. Ila mimi jua linanichosha kuliko usiku.

Nesi wa Zamu
Kabla hatujasahau: mkisimama, mtoto asiachwe ndani ya gari hata dakika tano, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Joto ndani hupanda kama nyuzi 10 kwa dakika 10 za kwanza, na mwili wa mtoto unapata moto haraka mara kadhaa kuliko wa mtu mzima. Kama hajiwezi kushuka, anashuka mikononi mwa mtu.

Mzee wa Hema
Kwenye kambi, hema lisiwekwe kwenye mkondo mkavu, hata mchanga wake uwe laini namna gani. Mvua inanyesha milimani msikoiona, maji yanawakuta usingizini. Tazameni takataka zilizonasa kwenye vichaka, zinaonyesha maji hufika wapi. Angalieni na juu, tawi kavu. Radi ikianza, ingieni kwenye gari la paa la chuma, vioo vifungwe, mkae hadi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Hema halikingi radi.

Jiko la mkaa au la gesi lisiingie ndani ya hema, wala mkaa unaoonekana umezimika. Hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu, watu wanalala wasiamke. Baridi ikizidi ongezeni nguo na kitu cha kulalia chini, maana baridi nyingi inatoka ardhini.

Maji ya mto yachemke yatokote dakika moja kamili, na mkiwa juu ya mita 2,000 ziwe dakika tatu. Kupe hung'olewa kwa kibanio chenye ncha nyembamba, karibu kabisa na ngozi, unavuta moja kwa moja bila kuzungusha.

Kiporo cha Safari
Si unampaka mafuta ya taa anajitoa?

Nesi wa Zamu
Usimpake wala usimchome. Akisumbuliwa anaweza kutemea uchafu wake kwenye jeraha. Mng'oe, osha, andika tarehe. Homa au upele ukitokea wiki zinazofuata, umwambie daktari.

Shangazi wa Njia Panda
Mnazungumzia magari tu, na mnakokwenda kuna watu. Mwenyeji aambiwe idadi kamili na mtalala siku ngapi, si "tutaona tukifika". Mpigieni mkiwa kituo cha mwisho, si saa mliyoondoka, ndipo ajue kuanza kuandaa. Shuka na taulo njooni nazo. Panga kwa ndugu pawe katikati ya siku za hema, mpate kufua na kuoga vizuri.

Na mkifika, kabla watoto hawajatawanyika, muombeni kwa heshima bibi au babu apandishe dawa zake juu. Dawa za presha na za sukari huwa mezani kwenye kichupa kisicho na kifuniko kigumu, na nyumba isiyo na watoto wadogo haikuzoea kuzificha.

Mama Pacha
Asante sana shangazi. Hilo la dawa nalipeleka kwa mama leo leo.

Kijana Usukani
Geji ya joto ikipanda kwenye foleni na familia imejaa ndani?

Fundi Rejeta
Zima AC, washa hita hadi mwisho na feni yake, vioo chini. Mtapikika dakika chache lakini hita inatoa moto kwenye injini. Isiposhuka, egesha na uzime. Kifuniko cha rejeta usikiguse hadi bomba la juu liweze kushikwa na mkono bila kuunguza, maji yale yana presha na huruka usoni. Ukiongeza, iwe kulanti, ile dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Maji matupu kwa dharura tu, na ukifika uulize yalikopotelea.

Kijana Usukani
La mwisho, fundi. Spea yangu ni ile nyembamba.

Fundi Rejeta
Ipime, kwa kawaida inataka psi 60 na wengi wanaikuta na 20. Mwendo usizidi 80. Kama gari linavutwa na matairi ya mbele na pancha ni ya mbele, toa zima la nyuma ulipeleke mbele, nyembamba ikae nyuma. Legeza nati nusu mzunguko kabla ya kupandisha jeki, kaza kwa kuruka ya upande wa pili, kisha kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Na kama una nati za kufuli, soketi yake ikae kwenye droo ya dashibodi. Spea na jeki pia usivifukie, maana kupakua buti zima pembeni mwa barabara na watoto wamesimama nje ni hatari kuliko pancha yenyewe.