Mada: Fundi wetu amefiwa na mdogo wake, ameuawa barabarani Balochistan, Pakistan, naomba ushauri

Kutoka: Baba Neema, Rusayl, Oman
Jumatatu usiku

Ndugu zangu, salaam.

Mnivumilie nieleze kwa kirefu. Nasimamia karakana ya vyuma hapa Rusayl. Kambini tuko Wakenya wanne, Watanzania wawili, Wahindi wa Kerala, na Wapakistani ishirini na kitu. Wengi wa hao Wapakistani ni watu wa Punjab ya kusini, pande za Multan na Khanewal. Watatu ni Wabulushi wa Makran, pwani ya mkoa wa Balochistan.

Ijumaa usiku fundi wangu wa kuchomelea alipigiwa simu na watu wa nyumbani. Mdogo wake alikuwa anarudi kwao Punjab kwa basi kutoka Quetta, mji mkuu wa Balochistan. Njiani walisimamishwa na watu wenye bunduki, abiria wakaambiwa watoe vitambulisho, na wale ambao kadi zao zina anwani ya Punjab wakashushwa. Maiti zilionekana alfajiri. Kijana alikuwa kibarua wa kupiga plasta. Alikwenda Quetta kutafuta riziki, kama sisi tulivyokuja huku.

Yapo mambo matatu yananikosesha usingizi. Ofisi yetu inadai likizo ya msiba ni ya mzazi au mke, ndugu hayumo. Pili, vijana wanataka kupitisha daftari la mchango nami sijui kama hapa inaruhusiwa. La tatu ndilo zito: kwa kuwa wauaji wanadhaniwa ni Wabulushi, tangu Jumamosi wale Wabulushi watatu wanakula peke yao. Hakuna aliyewatukana, ila wakiingia jikoni wenzao wanatoka. Jana Mpunjabi mmoja ameniomba niwahamishe chumba. Nifanyeje? Na kwa Wapakistani, mkono wa pole unatolewaje? Mimi ni Mkristo, sitaki kukosea.

Kutoka: Salum, Sohar
Jumatatu usiku

Pole sana Baba Neema, na umfikishie fundi pole zangu.

Naanza na safari. Akate tiketi ya Muscat hadi Multan, ndege ya moja kwa moja. Wengine hushuka Karachi ili waokoe riali chache, kisha wanakaa kwenye basi usiku kucha. Mtu mwenye msiba asifanyiwe hivyo. Na kama wapo jamaa zake waliobaki Quetta, wasiondoke kwa basi la usiku. Mwaka 2025 wakuu wa huko walizuia mabasi ya usiku kwenye barabara kuu kadhaa kwa sababu ya mauaji haya haya.

Nafanya kazi na mabaharia wa Karachi na wa Gwadar, bandari ya Balochistan, kwa hiyo nimezifuatilia habari hizi za mkoa huo. Aprili 2024, karibu na Noshki, abiria 9 wa Punjab walitolewa kwenye basi lililokuwa likielekea Taftan, mpakani na Iran, wakauawa. Tarehe 26 Agosti mwaka huo huo, huko Musakhail, barabara ilifungwa, mabasi na malori yakasimamishwa, kadi zikakaguliwa. Watu 23 walipigwa risasi, wengi wao wa Punjab. Kundi la BLA, Wabulushi wenye silaha wanaotaka Balochistan ijitenge na Pakistan, lilisema ni kazi yake. Februari 2025 ikawa Barkhan, watu 7 kwenye basi la Lahore. Julai 2025, kati ya Loralai na Zhob, watu 9, na ndani yao walikuwamo ndugu wawili waliokuwa wakienda kumzika baba yao. Nyumba moja ikawa na majeneza matatu.

Wengine hawakuwa hata safarini. Mei 2024, Surbandar karibu na Gwadar, vinyozi 7 waliuawa wakiwa wamelala. Vibarua 6 Turbat, Oktoba 2023. Vibarua 7 Panjgur, Septemba 2024. Wenye bunduki hupenda kusema waliowaua ni majasusi au askari waliovaa kiraia. Kinyozi aliyelala na mikasi yake kando ya godoro ni jasusi wa nani?

Kutoka: Bi Zuwena, Al Khoud
Jumanne asubuhi

Baba Neema mwanangu, Mungu ampe fundi wako subira.

La ofisi ni jepesi. Sheria ya kazi ya Oman ya 2023 inampa mfanyakazi siku 3 za malipo akifiwa na kaka au dada. Nenda na nakala ya kifungu kwa Kiarabu, uwaombe waziunganishe na likizo yake ya mwaka. Usiende kwa ugomvi. Mara nyingi anayekaa mezani hajaisoma sheria mpya.

Daftari la mchango liache. Kukusanya fedha za watu bila kibali ni kosa hapa, na namba ya akaunti ikishawekwa kwenye kundi la simu ni ushahidi dhidi ya aliyeiweka. Mwenye chake na amtilie fundi mkononi, bila orodha wala matangazo.

Kutoa pole ni hivi. Ingia, kaa chini kwenye mkeka pamoja nao. Kila anayefika huinua mikono wakasoma dua pamoja, ndiyo salamu yao ya msibani. Wewe inamisha kichwa unyamaze, watakuelewa. Siku ya tatu watakuwa na kisomo. Wapelekeeni mchele na nyama mbichi, wapike wenyewe wanavyojua.

Sasa hao watatu. Hili linanigusa, kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa Mbulushi. Babu zake walikuja Unguja na jeshi la Seyyid Said, na Mombasa pia wapo hadi leo. Gwadar yenyewe ilikuwa chini ya Oman mpaka ilipouzwa kwa Pakistan mwaka 1958, ndiyo maana Matrah hapa Muscat huwezi kutembea hatua kumi usimwone Mbulushi. Wana machungu ya kweli kule kwao. Gesi ilivumbuliwa Sui, huko Balochistan, mwaka 1952, ikawasha majiko ya miji ya mbali huku vijiji vya jirani vikipikia kuni. Vijana wao huchukuliwa usiku wasionekane tena, na Desemba 2023 mama zao na dada zao waliandamana mpaka Islamabad wakiwa na picha vifuani. Akina mama wale hawakumgusa mtu. Kuliweka chozi lao mdomoni mwa bunduki inayoua mpiga plasta ni dhulma juu ya dhulma.

Kwa hiyo usiwaite hao watatu mbele ya watu ukawataka walaani mauaji. Hilo ni kuwashusha basi kwa namna nyingine. Kaa nao faragha, waulize wanaendeleaje. Wakitaka kwenda kutoa pole, kwanza muulize fundi kama yuko tayari, na akikataa usimlazimishe. Chumba usiwahamishe. Aliyeomba ndiye umtafutie kitanda kwingine.

Kutoka: Kalasinga wa Ngara, sasa Birmingham
Jumanne mchana

Mimi ni Mkenya, wazee wangu ni Masingasinga wa Jalandhar, Punjab ya upande wa India. Bi Zuwena amesema mengi niliyotaka kusema, naongeza kimoja tu ambacho familia zetu zimekijua kwa gharama kubwa: karatasi.

Novemba 1984, baada ya Waziri Mkuu wa India, Indira Gandhi, kuuawa na walinzi wake Masingasinga, Masingasinga wa Delhi walitafutwa nyumba kwa nyumba. Waliokuja walikuwa na orodha za wapiga kura, ndivyo walivyojua mlango upi ni wa nani. Wengine walishushwa kwenye treni kwa sababu ya vilemba. Hesabu ya serikali kwa Delhi peke yake ni watu 2,733. Waziri Mkuu Manmohan Singh aliomba radhi bungeni mwaka 2005, na mwanasiasa Sajjan Kumar alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji hayo Desemba 2018. Miaka 34! Wajane waliofika mahakamani walikuwa na karatasi zao. Wapo waliokosa hata cheti cha kifo, maana mwili uliteketea na hakuna aliyeandika.

Mwambie fundi, akifika, baada ya mazishi, asiondoke bila nakala ya taarifa ya polisi, cheti cha kifo, na orodha ya abiria kama kampuni ya basi inayo. Apige picha kila ukurasa, ajitumie mwenyewe. Serikali ikitangaza fidia leo, mjane atadaiwa hizo karatasi miaka mitatu baadaye.

Jambo jingine. Baadhi ya wanaouawa huko ni watu wa Multan, Shujabad, Khanewal. Nyumbani wengi wao husema Kisaraiki, na Punjab ya kusini ina koo nzima zenye asili ya Kibulushi. Kadi haisemi hayo. Kadi inasema mkoa.

Kutoka: Dada Espérance, Abu Dhabi
Jumanne jioni

Sitaandika mengi, natoka Bujumbura, nikisikia neno kizuizi na kitambulisho mwili unasisimka.

Baba Neema, nina hakika video ya maiti ipo tayari kwenye simu za kambi yako. Leo hii, kabla ya kulala, pita chumba kwa chumba uombe ifutwe. Fundi asikutane na uso wa mdogo wake kwenye simu ya mtu anayekula biskuti. Kaka yangu mkubwa alikutana na video ya msiba wetu hivyo, na mpaka leo hashiki simu ya mtu.

Kutoka: Baba Neema, Rusayl
Jumanne usiku

Asanteni wote.

Video ilikuwepo, kwenye simu kumi na moja. Imefutwa, wawili walibisha kidogo kisha wakakubali. Ofisi imesoma kifungu, imetoa siku 3 na wiki mbili za likizo yake. Tiketi ya Multan ni usiku wa kesho. Aliyeomba chumba nimempa kitanda kwetu Wakenya. Hakufurahi.

Nilikaa na wale watatu. Mkubwa wao alisema alitaka kwenda kutoa pole tangu Jumamosi, aliogopa. Nikamuuliza fundi. Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Si leo." Nimemfikishia yule Mbulushi maneno hayo kama yalivyo.

Limebaki moja. Ndege ni saa nane usiku na gari la kambi haliruhusiwi kutoka baada ya saa nne. Kuna mtu wa karibu mwenye gari?

Kutoka: Bi Zuwena, Al Khoud
Jumanne usiku

Mwanangu Nassor atakuwa getini kwenu saa tano. Mwambie fundi mapema kwamba baba yake Nassor alikuwa Mbulushi, aamue mwenyewe. Akiona vigumu nipigie hata usiku wa manane, nitamtafutia teksi.