Mshtuko wa moyo kwa wanawake: kwako au kwa ndugu yako ulianzaje? Tupeane uzoefu

Wapendwa, hili tulizungumze maana linatuchukulia mama na dada zetu huku tukidhani ni gesi. Kifua kubana ndiyo dalili kubwa hata kwetu wanawake, ila mara nyingi inakuja na mengine yanayotupoteza, pumzi kukata, kichefuchefu, maumivu ya taya, shingo au mgongoni katikati ya mabega. Bimkubwa wangu alikuwa anaanika nguo akalalamika taya linamuuma mpaka kwenye meno, akadhani jino, nikamshika shingoni nikakuta kalowa jasho la baridi na wala hakukuwa na joto, hapo hapo tukakimbia emajensi. Yuko hai namshukuru Mungu. Kwenu ilikuwaje?

Pole sana dada. Mimi ulianza uchovu, wiki kadhaa nzima kutandika kitanda tu nahema na usiku usingizi hauji, nikaambiwa vidonda vya tumbo nikapewa dawa za asidi. Siku yenyewe nikatapika, kifua kizito, kituo nilichopelekwa wakapima ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, wakasema iko sawa nirudi nyumbani. Mdogo wangu akagoma kuondoka, akadai nipimwe damu, kile kipimo cha troponini kinachoonyesha kama misuli ya moyo imeumia, na kirudiwe baada ya masaa, cha pili kikaja kimepanda. Jamani ECG ya kwanza inaweza kutoka safi na moyo unaumia, msiondoke kirahisi, semeni wazi "nahofia ni moyo".

Niongezee, mimi ni nesi wa emajensi. Wenye kisukari muwe macho zaidi, neva zikishaathirika mtu anaweza asisikie maumivu kabisa, anaishiwa pumzi tu au analegea. Na uliyewahi kupata kifafa cha mimba au sukari ya mimba mwambie daktari hata kama watoto wameshakuwa wakubwa, hatari ya moyo inabaki juu miaka mingi, nasikitika hili wengi hawaambiwi. Dalili zikianza ita ambulensi kwanza, usiendeshe gari mwenyewe, halafu waulize kuhusu aspirini, kawaida ni 300 mg ya kutafuna sio kumeza nzima, kama huna aleji nayo wala tatizo la kutokwa damu. Mshipa ukiziba kila dakika misuli ya moyo inazidi kufa.

Asante nesi, barikiwa. Kuna yeyote hapa aliyepatwa akiwa chini ya miaka 40? Mdogo wangu ana hiyo sukari ya mimba sasa hivi, ningependa asikie kutoka kwenu.