Nimeacha skuna nimehamia flati, mbona ndo kisigino kinauma zaidi?

DadaMapokezi
Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa mnaojua mambo ya miguu. Kazi yangu ni ya kusimama mapokezi, na kwa miaka saba hivi nimekuwa mtu wa skuna, kisigino sentimita 9, siku nyingine hata 10, jumatatu mpaka ijumaa. Ikafika mahali nikawa nahisi moto chini ya vidole, pale kwenye nyama ya mbele ya unyayo, sugu juu ya sugu, na kidole gumba kimeanza kuwaegemea wenzake. Nikasema basi yaishe, zote nikawagawia wadogo zangu, nikachukua flati zile laini unazikunja unatia kwenye pochi.

Sa wiki ya tatu hii, mbele pamepoa kweli sikatai, ila asubuhi ile hatua ya kwanza nikitoka kitandani ni kama nimekanyaga msumari, kisiginoni kwa chini, kwa upande wa ndani. Nikizunguka zunguka kinaachia, nikikaa nusu saa nikinyanyuka kinarudi upya. Na vigimbi vinavuta balaa. Ina maana skuna ndo zilikuwa zinanifaa au?? Na kimo gani ndo sahihi maana nimechanganyikiwa

MzeeWaPeku
Tembea peku dada, Mungu hakukuumba na kisigino cha sentimita 9 😂😂

ViungoNaMisuli
Mzee hapo juu usimpoteze mwenzio, peku kwenye sakafu ya vigae na kisigino kimeshawaka hivo ni kumuongezea tu.

Dada pole sana. Mi nafanya kazi ya mazoezi ya tiba na kesi kama yako naziona sana. Iko hivi, ukiwa juu ya skuna kigimbi kinakaa kimejikunja kutwa nzima, na ikienda miaka nyuzi za ule msuli zinafupika kweli, sio maneno tu. Watafiti walishapima hili wakatoa matokeo 2010, wanawake waliozoea visigino virefu nyuzi zao za kigimbi zilikuwa fupi kuliko za wenzao wanaovaa viatu vya chini, na ile kano ya nyuma ya kifundo ilikuwa nene na ngumu zaidi. Sa wewe umeshuka ghorofani kwa kuruka, ngazi umeziacha. Kisigino kimeteremka sentimita karibia 8 kwa siku moja, kigimbi kifupi kinauvuta mfupa wa kisigino kwa nyuma, na ule utando mgumu unaopita chini ya unyayo unavutwa kwa mbele, na vyote viwili vimeshikilia mfupa huohuo mmoja. Usiku ukilala mguu unakaa umenyooka ule utando unatulia ukiwa mfupi, ukikanyaga asubuhi unatanuliwa ghafla, ndo huo msumari wako.

Kwahiyo skuna hazikuwa dawa, ila flati yako nayo nina wasiwasi nayo. Hiyo ya kukunja haina soli ya maana, ni kama umevaa soksi. Rudi kwenye kisigino cha kati, 4 au 5, kinene, kaa nacho wiki kadhaa, afu shuka mpaka 2 au 3. Wengi kwa kutwa ya kusimama wanatulia hapo kwenye 2 mpaka 4, ila usiikariri kama sheria, miguu haifanani.

Na kigimbi ukinyooshe kila siku. Shika ukuta, mguu unaouma uwe nyuma, kisigino kisinyanyuke hata kidogo na vidole vitazame mbele (watu wengi wanavigeuza nje, hapo ni kama hujafanya kitu), goti la nyuma limenyooka, hesabu sekunde 30. Afu rudia ukiwa umelikunja hilo goti kidogo, utasikia kuvuta kunahamia chini karibu na kifundo. Mara tatu tatu kila mguu. Na asubuhi kabla hujakanyaga chini, kaa kitandani vute vidole vije kwako mara kumi kumi. Usitegemee wiki moja, hii inakwenda kwa miezi. Ukiona ganzi, uvimbe, au maumivu ya usiku hata ukiwa umelala, nenda kamuone daktari. Na kama una sukari usisubiri chochote, nenda sasa

MamaWaStaili
Mi nina miaka 20 kwenye mchuchumio na sijawahi kuumwa hata ukucha. Siri ni kisigino kinene sio ile sindano. Kinene hakina shida kabisa, msitishe watu

ViungoNaMisuli
@MamaWaStaili hongera, wapo kama wewe. Ila kinene kinakusaidia usiyumbe na usiteguke, goti hakiliokoi. Goti lilishapimwa, mzigo unaoongezeka kwenye kisigino kinene na chembamba cha kimo kimoja ni karibia sawa tu. Na uzito unakwenda mbele kwenye vidole vilevile

Mtoa_Jasho
Hii sio ya kina dada peke yao jamani. Mi nakimbia, raba zangu zilikuwa zile za kawaida, nyuma zimepanda kuliko mbele kwa milimita 10. Jamaa akanishawishi nichukue za sifuri, yani nyuma na mbele sawa. Nikaenda nazo kilomita 12 siku ileile nimezitoa kwenye boksi, kesho yake kushuka ngazi nashuka kinyumenyume kama kaa. Kano ya nyuma ilichukua miezi miwili kutulia. Milimita 10 tu hizo, sembuse sentimita 8

FundiNyundo
Niongeze upande wa kiatu chenyewe maana nashona kila siku. Dada usipime kisigino cha nyuma peke yake, toa na unene wa soli ya mbele. Nyuma 9 na mbele 3, mguu wako unaona 6. Hiyo ni afadhali kuliko 7 yenye soli ya mbele kama karatasi, ingawa ukinyanyuka sana kwa chini ukiteguka unateguka vizuri.

Usije ukamletea fundi skuna akukatie kisigino iwe fupi, wananiletea sana. Ndani ya soli kuna kipande cha chuma kilichopindwa kwa kimo kilekile cha kiwandani, ukikata zaidi ya sentimita moja hivi pua ya kiatu inaangalia juu na unakuwa unakaa kwa nyuma.

Kingine, hicho kidole gumba kinachoegemea wenzake mi nailaumu pua nyembamba kabla ya kimo, ingawa kimo nacho kinausukuma mguu ujazane huko mbele. Kanyaga karatasi jioni mguu ukiwa umejaa, uchore kwa kalamu, afu weka kiatu juu ya mchoro. Wino ukitokeza pembeni kiache dukani. Na kikunje kwa mkono, kikunjike pale vidole vinapoanzia, kikijikunja katikati kama chapati hicho hakikufai

DadaMapokezi
Fundi nimechora sasa hivi. Wino umetokeza pande zote mbili, na kiatu kimekunjika hivohivo kama chapati 🙈. Nimempigia mdogo wangu anirudishie ile ya kisigino kinene cha 5, kasema ameshaivaa harusini na hairudi. Hayo ya ukuta nimeanza leo, mguu wa kulia kisigino hakigusi chini kabisa nikinyoosha goti, ni kawaida?

ViungoNaMisuli
Kawaida kwa miaka saba ya 9. Usogeze huo mguu karibu na ukuta mpaka kisigino kiguse, anzia hapo, kila wiki rudisha nyuma kidogo