Michezo darasani: tunafundisha au tunachezea kipindi?

Mwalimu wa mazoezi, Igoma

Wadau wa elimu hapa Mwanza naomba hili tulijadili waziwazi maana ofisini walimu tunaliongea kwa kunong'ona tu. Niko field, shule ya msingi ya serikali, nafundisha Hisabati darasa la tatu, watoto wanakaribia mia chumba kimoja na dawati moja wanabanana wanne mpaka watano. Juzi nimefundisha kutoa kwa mchezo kwa mara ya kwanza, kelele zikafika mpaka darasa la pili, na nilipotoka mwalimu mmoja wa siku nyingi akaniambia "kijana, hapa wanakuja kusoma, kucheza watacheza kwao, mwakani hawa wana upimaji wa darasa la nne". Namheshimu sana ila sijakubaliana naye.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Nilizunguka kwenye magrosari nikaokota visoda, yaani vifuniko vya chupa, vingine nikavipaka rangi nyekundu. Chekundu ni shilingi mia, cha kawaida ni kumi. Kila kundi lina wachuuzi, wanunuzi, mtoto mmoja wa benki na mmoja karani mwenye daftari. Bei nimeziweka chini ya elfu, fungu la dagaa 650, nyanya 280, vitu kama hivyo. Sasa mnunuzi ana visoda vyekundu tu kwa hiyo mchuuzi hawezi kurudisha chenji mpaka aende benki akavunje mia moja apewe makumi kumi, yaani kule "kuchukua" ambako ubaoni kunawasumbua ndo huku anakufanya kwa mikono yake. Karani anaandika, na bei ukijumlisha na chenji lazima irudi elfu, isiporudi biashara haipo.

Kuna binti aliuza dagaa wa 650, akapewa elfu, akarudisha 450. Karani akajumlisha akapata 1100, akamuuliza "hii mia nyingine imetoka wapi?" Wakavimwaga visoda vyote chini wakaanza upya, mpaka binti mwenyewe akasema ile mia aliyoivunja benki alikuwa bado anaihesabu kama mia nzima. Kosa hilohilo nilishalieleza kwa chaki na darasa zima likaitikia "ndiyo mwalimuuu", na sikuwa na njia ya kujua nani kaelewa na nani anafuata sauti za wenzake.

Hoja yangu ni hapo. Kuitikia kwa pamoja kunamficha mtoto asiyejua, na darasa likiwa kubwa anajificha vizuri zaidi mpaka mtihani uje umuumbue. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 watoto wameingia wengi na ni jambo jema kabisa, lakini huwezi kupita daftari moja moja kwa watoto mia ndani ya dakika 40. Kwenye mchezo mwenzake anamkagua palepale. Ila uwe mchezo ambao hesabu ndo inakupa ushindi. Kuimba na kupiga makofi kisha tunarudi ubaoni ni kuchangamsha darasa, sikatai, lakini kutoa hakujafundishwa hapo. Na mtaala ulioanza 2024 unataka umahiri, mtoto aweze kufanya, sasa atafanya lini kama muda wote ananakili tu?

Mzazi, Buhongwa

Mwalimu nakusikia ila mimi kama mama jioni naangalia daftari. Likiwa tupu nitajuaje kama kasoma? Halafu mwanangu ni mpole mno, kwenye makundi wale wachangamfu wanashika kila kitu yeye anabaki kutazama, ikifika nyumbani ukimuuliza anasema tulicheza. Tulicheza nini, hajui.

Mwalimu, Ukerewe

Kijana wangu kazi nzuri, ila nikupe la kufikiria. Mwaka 1985 Terezinha Carraher na wenzake walitoa utafiti wa watoto watano waliokuwa wakiuza vitu mitaani na sokoni huko Recife, Brazili. Wakiulizwa palepale kwenye biashara walipata kama asilimia 98, hesabu za namna ileile zikaandikwa kavukavu kwenye karatasi wakapata kama 37. Huku visiwani nawaona hao hao, mtoto anapima dagaa kwa sado jioni na mama yake, chenji hakosei hata shilingi, kesho yake daftarini ni vema mbili kati ya kumi. Kwa hiyo kujua kwenye visoda si kujua kwenye karatasi, na NECTA, baraza la mitihani, hawagawi visoda.

Mdau, Kisesa

Mimi si mwalimu. Ila bao lina mashimo 32 na kete 64 na mchezaji mzuri anajua kete yake ya mwisho itaangukia wapi kabla hajagusa kitu. Wazee wetu wengi wamejifunza kuhesabu haraka hapo, hakuna aliyewaambia wanapoteza muda.

Mwalimu wa mazoezi, Igoma

Mwalimu wa Ukerewe shikamoo, na asante, maana utafiti huo umegusa penyewe. Ndo sababu ya kumweka karani. Kila mauzo yanaandikwa kwa wima, mia chini ya mia, kumi chini ya kumi, na pale mchuuzi anapovunja mia benki karani anaikata ile mia kwenye daftari muda huohuo. Wale watoto wa Recife sokoni walikuwa na njia zao za kichwani, na karatasi ikawaletea njia nyingine kabisa. Mimi nataka kisoda na kalamu viende pamoja ili mtoto aone ni kitu kimoja.

Mama wa Buhongwa, nafasi zinazunguka, nikipiga filimbi karani anakuwa mchuuzi, mchuuzi anaenda benki, kwa hiyo kila mtoto anatakiwa arudi na mauzo yameandikwa kwenye daftari lake. Na wale wapole nawaanzishia benki maana kule hakuna wa kuwapita, kila mtu lazima awafuate wao.

Kinachokwamisha kweli ni muda. Kugawa visoda na kupanga makundi kumekula robo ya kipindi, makundi mengine hayakumaliza mzunguko, na watoto ambao zamu ya ukarani haikuwafikia wameondoka hawajaandika chochote. Ninachoomba kwa walimu wa taaluma ni vipindi viwili vya Hisabati viunganishwe siku moja kwa wiki, ratiba inaruhusu kama mtu ana nia. Kama kuna mwalimu ameshapeleka darasa la watoto mia nje chini ya mti kwa kazi kama hii, atuambie aliwapangaje wasitawanyike, maana ndani kuzunguka hakuna nafasi na wiki ijayo naanza kuzidisha.