Kompyuta ya gemu ndani ya nganya (matatu iliyopambwa) ya bati: hewa ipitie wapi?

Konda_Umoja: Wakuu, najenga kompyuta ndogo ya kupamba dirisha la kinyozi changu. Bodi kuu ni ya saizi ndogo ya Mini-ITX, sentimita 17 kwa 17. Kasha ni mfano wa matatu wa bati, fundi wa Kamukunji amelikunja safi hadi mlango unafunguka. Mchoro ushapigwa ubavuni. Ila kadi ya grafiki imebanwa kwenye kioo cha pembeni, haipumui. Nitoboe wapi?

Bati_Moto: Ubavu usiguse, mchoro huo umekula pesa! Hewa moto hupanda. Toboa paa chini ya keria, funga feni ya sentimita 12 ivute juu. Sakafu nayo itobolewe, gari liinuke kidogo kwa magurudumu. Weka wavu, vumbi la mtaa wa Umoja mnalijua.

Mama_Solda: Kadi ihamishe kwa kebo ya raiza, ile inayounganisha kadi na bodi kwa mbali, feni zake zitazame sakafu. Na tumia pawa saplai ndogo ya SFX, ile kubwa ya ATX itakula viti vyote.

Konda_Umoja: Shukrani, mama. Swichi ya kuwasha naiweka kwenye honi?

Mama_Solda: Weka tu. Ni pini mbili za bodi zinazogusanishwa mara moja tu, kitufe chochote kisichoganda kitafanya.