Marekebisho ya Katiba yakishapita Kenya, yanaweza kufutwa?

Swali: Bunge likibadilisha kipengele cha Katiba kisha wananchi wasipendezwe nacho, kuna njia ya kukirudisha?

Wakili_Pwani: Ipo. Marekebisho hufutwa kwa marekebisho mengine. Kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kiliingizwa mwaka 1982, kikafutwa na Bunge Desemba 1991. Sasa, chini ya Katiba ya 2010, tazama Kifungu cha 255 hadi 257. Kupitia Bunge, lazima zipite siku 90 kati ya kusomwa mara ya kwanza na ya pili, kisha thuluthi mbili ya wajumbe WOTE wa kila bunge: wabunge 233 na maseneta 45. Wasiofika ukumbini wanahesabika kama wamepinga. Hapo ndipo mswada wa usawa wa jinsia ulipokwama mara kadhaa.

Mama Sheria: Ongeza kura ya maamuzi. Jambo likigusa mamlaka ya wananchi, Sheria ya Haki, muhula wa rais, uhuru wa mahakama au ugatuzi, Bunge pekee halitoshi. Wapiga kura asilimia 20 wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti, na waliounga mkono wawe wengi.

Karani: Njia ya wananchi wenyewe ni saini milioni moja, tume ya uchaguzi (IEBC) izihakiki, kisha mabunge ya kaunti 24 kati ya 47 yakubali ndani ya miezi mitatu. Rais haruhusiwi kuianzisha. Mahakama ya Juu iliamua hivyo Machi 2022 katika kesi ya BBI, mpango wa kurekebisha Katiba.